Shajara ya mradi: Haskell na SQL Server kwenye ghala la dagaa, Kibirizi

Jumatatu, mbalamwezi

Mwezi umejaa na Kibirizi, hapa Kigoma, kumetulia. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo wavuvi wamevuta mitumbwi ufukweni wanashona nyavu. Ghala la shangazi halipokei mzigo, mizani imefunikwa turubai, kompyuta ya karani haina mtu. Siku hizi chache ndizo zangu.

Kazi yenyewe ni hii. Ghala linatumia mfumo wa hesabu ulionunuliwa kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, na mfumo huo unatunza kumbukumbu zote kwenye kanzidata ya Microsoft SQL Server, toleo la Express. Toleo tulilonalo halilipiwi, lina kikomo cha GB 10, lakini bado ni bidhaa ya biashara iliyofungwa: huingii ndani yake, unaongea nayo kwa mlango uliopewa.

Ripoti ya mfumo ina kasoro inayomuumiza shangazi tangu mwanzo. Kwenye jedwali la mapokezi kuna safu moja ya uzito, na humo humo zimo kilo za dagaa wabichi na kilo za dagaa wakavu. Kinachozitofautisha ni herufi moja kwenye safu ya pembeni, M au K. Ripoti ya mwezi inajumlisha safu nzima bila kuangalia herufi. Dagaa akianikwa kichanjani siku ya jua kali anapoteza sehemu kubwa ya uzito wake, kwa hiyo jumla ile si uzito wa kitu chochote kilichowahi kukaa kwenye mizani. Kampuni imeombwa irekebishe mara mbili. Shangazi anaendelea na daftari lake la kaunta, na kila mwisho wa mwezi anakesha nalo.

Nimeamua kuandika programu itakayosoma majedwali yale na kutoa ripoti sahihi, na nitaiandika kwa lugha ya programu iitwayo Haskell. Watu wawili wameniuliza kwa nini nisitumie lugha iliyozoeleka. Jibu langu ni kwamba kwenye Haskell naweza kutangaza aina mbili, KiloMbichi na KiloKavu, zote zikiwa namba tu ndani yake, na kompaila, chombo kinachojenga programu kutoka kwenye msimbo, ikakataa kabisa kuzijumlisha pamoja. Si onyo, ni kukataa: programu haijengeki. Na programu ikishajengeka, aina hizo hazina gharama yoyote wakati wa kukimbia. Kosa lililomkesha shangazi miaka yote hii haliwezi hata kuandikwa.

Masharti niliyojiwekea: nasoma tu. Nimetengenezewa mtumiaji mwenye ruhusa ya SELECT, amri ya kusoma, kwenye majedwali manne, basi. Sitagusa data ya ghala kwa programu ambayo haijakomaa.

Jumanne

Leo yote ilikuwa kuutafuta mlango. SQL Server Express ikisakinishwa huja na TCP/IP, njia ya kuifikia kwa mtandao, imezimwa, na hata ukiiwasha, inajichagulia namba ya poti, yaani ya mlango wake wa mtandao, inayoweza kubadilika kila inapowashwa upya. Nimeiwasha na kuifunga kwenye poti 1433. Upande wangu, kwenye kompyuta ndogo ya Linux, nimeweka unixODBC (ODBC ni njia ya pamoja ya programu kuongea na kanzidata) na draiva ya Microsoft toleo la 18.

Kosa la kwanza: IM002, chanzo cha data hakijulikani. Nilikuwa nimekiandika vizuri kabisa kwenye odbc.ini, faili la mipangilio, ila ile iliyo kwenye folda yangu, wakati programu inakimbia kwa jina la mtumiaji mwingine. Amri ya `odbcinst -j` inakuonyesha mafaili yapi hasa yanasomwa. Anayeanza aanze na amri hiyo.

Kosa la pili: cheti. Draiva ya 18, tofauti na ya 17, inasimba mawasiliano bila kuombwa na inadai cheti cha kuithibitisha seva inachokiamini. Njia ya mkato ni kuiambia iamini cheti chochote. Sikuitaka. Mtandao wa ghala unatumiwa pia na madereva wanaosubiri mzigo, na bei za shangazi si za kusomwa na kila mtu. Nimetengeneza cheti, nikakisajili pande zote mbili. Saa kumi na moja jioni `isql`, programu ndogo ya kujaribu maswali, ikaniletea mstari wa kwanza.

Jumatano

Nimeanza na HDBC, maktaba ya Haskell ya kuongea na kanzidata, na tawi lake la ODBC, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Programu ya majaribio ilikuwa rahisi: lete mapokezi yote ya mwezi, kisha kwa kila pokezi uliza jina la mwenye mtumbwi kwenye jedwali la pili. Mstari wa kwanza ukatoka. Wa pili ukagoma, na draiva ikasema muunganisho una shughuli, bado umeshika matokeo ya swali jingine.

Nimekaa na jambo hili mchana mzima, na nadhani ndilo kiini cha mradi, kwa hiyo naliandika kwa kirefu.

Haskell ni lugha mvivu, kwa maana ya kitaalamu: haikokotoi kitu mpaka kitakapohitajika. Nilipoita `quickQuery`, ilinirudishia orodha. Kwa macho yangu ilikuwa orodha ya mapokezi ya mwezi. Kwa kweli ilikuwa ahadi. Mistari yenyewe ilikuwa bado kwenye seva, na kila nilipohitaji mmoja, maktaba ilikwenda kuuchukua wakati huo huo. Ni sawa na kumlipa mvuvi dagaa ambao bado wako ziwani. Biashara hiyo ipo na watu wanaifanya, lakini huwezi kuwaweka dagaa hao kwenye gunia.

SQL Server kwa upande wake, kwa kawaida yake, haikubali swali jipya kwenye muunganisho ambao bado una matokeo hayajamalizwa kusomwa. Kila upande una haki. Haskell inasema, nitasoma nikihitaji. Seva inasema, maliza ulichoagiza ndipo uagize kingine. Na kungekuwa na hatari kubwa zaidi kama ningefunga muunganisho kabla sijaigusa ile orodha: ahadi ingebaki mkononi, na mwenye kuitimiza hayupo.

Njia za kutoka ni tatu. Kuna mpangilio wa MARS unaoruhusu maswali kadhaa kwa pamoja. Huo unaficha tatizo, na sitaki lifichwe. Kuna `quickQuery'`, yenye alama ya ritifaa mwishoni, inayosoma mistari yote kwanza. Inafaa kwa mwezi mmoja, lakini shangazi anataka kulinganisha miaka. Ya tatu ni kugeuza mpango: badala ya kanzidata kunipa orodha, mimi naipa fanksheni, nayo inapitishiwa mstari mmoja mmoja, jumla ikikua kila hatua, na matokeo yanafungwa kabla jibu halijatoka nje. Maktaba ya Takusen ilishaonyesha njia hiyo kwa Oracle na PostgreSQL. Nimeichagua.

Sheria ya mradi kuanzia leo: uvivu haupiti mpakani. Ndani ya hesabu uwepo kwa raha zake. Ila kitu chochote kinachotoka kwenye seva kinafunguliwa, kinahesabiwa na kukamilishwa pale pale, kama mzigo wa kutoka Kongo unavyofunguliwa forodhani kabla haujaonekana sokoni.

Ijumaa

Ili kuitimiza sheria ile nimeamua kuita ODBC mwenyewe, bila maktaba katikati. ODBC ilitolewa na Microsoft mwaka 1992 na ni fanksheni za lugha ya C, nazo Haskell inaziita moja kwa moja. Njia ya kuita lugha ngeni imo rasmi kwenye Haskell 2010. Ninazohitaji hazizidi kumi na mbili.

Kila kitu huko ni kishikio, yaani alama unayopewa ya kukirejelea kitu: kishikio cha mazingira, ndani yake cha muunganisho, ndani yake cha swali. Unavipata kwa mpangilio huo na kuviachia kwa mpangilio wa kinyume. Nilipoteza saa nzima kwa HY010, kosa la kukosea mfuatano, kwa sababu sikutangaza kwamba nataka ODBC ya 3 kabla ya kuomba kishikio cha muunganisho. Usipolitamka hilo kwanza, hupewi.

Kuviachia nimemkabidhi `bracket`, fanksheni ya Haskell. Unaiambia jinsi ya kupata kitu, jinsi ya kukiachia, na kazi ya kufanya katikati. Kazi ikivunjika kwa hitilafu ndani ya programu, kuachia kunafanyika. Nimejaribu kwa kukatiza programu katikati ya kusoma mara kadhaa, kisha nikaangalia kwenye seva: hakuna muunganisho uliobaki unaning'inia.

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Nimelala mapema.

Jumapili

Leo nimepata matokeo yaliyonistua.

Niliandika swali la kujumlisha uzito wa dagaa wabichi kwa mwezi, nikaliendesha kwa mwaka 2024, mwezi baada ya mwezi. Mei ikatoa jumla yake, ndogo kuliko Aprili. Juni ikatoa jumla ile ile ya Mei. Julai nayo ile ile, hadi gramu ya mwisho.

Mtu yeyote wa Kigoma angejua hapo hapo kwamba si kweli. Mwaka ule ziwa lilifungwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Juni na Julai hakuna dagaa mbichi aliyepokelewa ghalani.

Nikafuatilia. SUM ya SQL, ikikosa hata mstari mmoja wa kujumlisha, hairudishi sifuri. Inarudisha NULL, alama ya kwamba hakuna thamani. Na ODBC inavyoleta NULL ni jambo la kuangaliwa kwa karibu sana. Unapoita `SQLGetData` unaipa vitu viwili: nafasi ya kumbukumbu ambamo thamani itaandikwa, na kiashirio kitakachobeba urefu wake. Thamani ikiwa NULL, kiashirio kinaandikwa -1. Ile nafasi haiguswi. Mimi nilikuwa natumia nafasi moja kwa miezi yote, na sikuwa nimekisoma kiashirio. Kwa hiyo Juni ilipokuja na NULL, mle ndani mlikuwa bado na baiti za Mei, zimekaa palepale, safi, zinasomeka kama namba halali.

Hakuna kosa lililoripotiwa. Kila fanksheni ilirudisha sifuri ya mafanikio. Kama ningekuwa napima kwa mwaka ambao ziwa halikufungwa, nisingeligundua, na siku moja mvuvi angelipwa kwa samaki wa mwezi uliopita au angepunjwa.

Sasa fanksheni pekee ya kusoma safu inasoma kiashirio kwanza na kurudisha `Maybe KiloMbichi`: ama kuna uzito, ama hakuna. Kuanzia hapo hakuna sehemu ya programu inayoweza kuufikia uzito bila kusema itafanya nini pale usipokuwepo. Nilikusanya makosa yote ya kompaila yaliyotokea baada ya badiliko hilo. Yalikuwa kumi na saba. Kila moja lilikuwa mahali ambapo nilidhani tu kwamba namba ipo.

Jioni nikaenda kwa shangazi nyumbani Mwanga. Nilimkuta anachambua mchele. Baada ya shikamoo nikamuuliza, mwezi usio na mapokezi niuandikeje kwenye ripoti, niweke sifuri?

"Usiweke sifuri, mwanangu. Sifuri ni usiku tulioingia ziwani tukarudi mikono mitupu, mafuta yameteketea na vijana wanataka chai. Ule mwaka hatukuingia. Ukiweka sifuri, atakayesoma baadaye atasema Juni ni mwezi mbaya."

"Na kama karani alisahau tu kuandika?"

"Hiyo ni ya tatu. Hiyo nataka niione peke yake, nimuulize."

Nimerudi nikaandika aina yenye matawi matatu: kiasi kilichopimwa, ziwa limefungwa, kumbukumbu haipo. Kanzidata yote hii inaiita NULL. Nimeongeza faili dogo la tarehe za kufungwa ziwa, linalosomwa pembeni, kwa sababu hakuna jedwali la mfumo lenye habari hiyo. Naona huu ndio msimbo bora niliowahi kuandika, na robo tatu yake ni maneno ya shangazi.

Jumatatu

Mambo mawili mafupi.

Karani huandika miji ya Kongo kama wateja wanavyoiandika kwa Kifaransa, kwa hiyo kuna Kalémie yenye alama juu ya e. Nikiendesha programu kwa mkono inatoka vizuri. Ikianzishwa na mfumo wa Linux yenyewe, mahali pa é panatoka alama ya kuuliza. Draiva hubadilisha herufi kufuata lugha iliyowekwa kwenye mazingira, na huduma zinazojiwasha zenyewe hazikuwa na lugha iliyowekwa. Sasa naomba maandishi kwa UTF-16, mfumo wa kuziwakilisha herufi kwa baiti, na kuyafasiri mwenyewe. Tahadhari ya kukumbuka: urefu unaoletwa na ODBC hapo ni wa baiti, si wa herufi.

La pili ni bei. Aliyeunda majedwali alihifadhi bei ya kilo kama float, namba ya kuelea. Namba za aina hiyo haziwezi kushika hata sehemu moja ya kumi kwa usahihi, na kwenye jumla ndefu zinaacha mabaki. Naigeuza kuwa desimali ndani ya SQL yenyewe, naisoma kama maandishi, kisha naifanya namba kamili. Uzito nao nimeufanya gramu kamili. Hakuna hesabu ya fedha inayopita kwenye namba za kuelea upande wangu.

Jumatano

Programu sasa ina ukurasa mdogo ambao karani anaufungua kuona jumla ya siku. Nimejaribu kuchomoa waya wa mtandao katikati ya kusoma. Programu nzima ikasimama: si swali lile tu, hata ukurasa ambao hauhusiani na kanzidata ukagoma kufunguka.

Sababu iko kwenye neno moja. Haskell inaita fanksheni ya C kwa njia mbili, `unsafe` au `safe`. Ya kwanza ni nyepesi, inafaa kwa hesabu fupi, lakini ikiendelea, kifagio cha kumbukumbu cha Haskell, kinachosafisha kumbukumbu isiyotumika tena, hakiwezi kufanya kazi mpaka irudi, na kifagio kikisubiri, kila mtu anasubiri. Nilikuwa nimeandika `unsafe` kwenye `SQLFetch`, fanksheni inayoweza kungoja mtandao dakika nzima. Nimebadilisha zote zinazogusa seva kuwa `safe`, nikajenga kwa `-threaded` ili kazi nyingine ziendelee, nikaweka na kikomo cha muda kwa kila swali. Nimechomoa waya tena. Swali likafa kwa heshima na ujumbe wake, ukurasa ukaendelea.

Ijumaa, giza

Mwezi sasa unachelewa kutoka na giza la mapema limerudi. Usiku wa jana taa zilikuwa zimetapakaa ziwani kama mji. Alfajiri mitumbwi ikaanza kuingia Kibirizi, mizani ikavuliwa turubai, na programu ikakutana na mzigo wa kweli kwa mara ya kwanza.

Saa nne asubuhi ilisimama yenyewe na kutaja namba ya mstari mmoja: kwenye safu ya herufi mlikuwa na k ndogo, nayo inaijua K kubwa tu. Nikauliza SQL Server moja kwa moja, ikanionyesha mstari ule bila shida, kwa sababu kwa mpangilio wake hapa haitofautishi k na K. Haskell inatofautisha. Ningeweza kuongeza mstari mmoja wa msimbo wa kuzikubali zote mbili, na pengine mwishowe nitafanya hivyo. Leo nilitaka kuona karatasi kwanza.

Karani akatafuta stakabadhi. Kilo 40, kwa kalamu ya bluu, na pembeni imeandikwa "wabichi". Hakuwa amekosea ukubwa wa herufi tu, alikuwa amebonyeza herufi isiyo yake wakati foleni imemzidi. Akairekebisha kwenye mfumo, nikaendesha tena, na shangazi akafungua daftari lake. Akapita kwa kidole: wabichi, sawa. Wakavu, sawa. Akarudia wabichi mara ya pili kwa sauti, kisha akanipa daftari nilishike yeye akaenda kumlipa mwenye mtumbwi aliyekuwa anangoja mlangoni.

Yaliyobaki: kumwomba karani anipe orodha ya herufi zote zilizowahi kutumika tangu mfumo uanze, kuamua pamoja naye kila moja inamaanisha nini, na kuendesha miaka yote ya nyuma. Naanza mbalamwezi ijayo.